Dhanushkodi: Stesheni ya treni iliyobaki mchangani baada ya kimbunga cha 1964

Huenda umewahi kutumiwa picha yake kwenye simu: ukuta wa kanisa usio na paa, nguzo za matofali zimesimama peke yake juu ya mchanga mweupe, na bahari kulia na kushoto. Mara nyingi picha hizo huja na maneno mafupi tu, "mji wa mizimu", halafu basi.

Mahali penyewe panaitwa Dhanushkodi, kusini mashariki mwa India. Ulikuwa mji wenye watu, na treni iliingia na kutoka kila siku, mpaka usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1964. Leo wageni huenda kuangalia mabaki ya stesheni, kupiga picha na kupunga upepo wa bahari. Ni mahali pazuri, hilo halina ubishi. Lakini ni vyema anayepaangalia ajue kilichotokea pale, kwa sababu sisi wa mwambao huu nasi tunaishi kando ya bahari hiyo hiyo ya Hindi.

Katika makala hii tunaeleza mji huo ulikuwa wapi, kwa nini reli ilipelekwa mpaka ukingoni mwa bahari, kilichotokea usiku ule, na mgeni anayefika sasa anakuta nini.

Dhanushkodi iko wapi?

Chukua ramani ya India uangalie chini kabisa upande wa mashariki, pale nchi inapoikaribia Sri Lanka. Utaona kisiwa kirefu chembamba kinachoitwa Pamban. Kiko katika jimbo la Tamil Nadu. Mji mkubwa wa kisiwa hicho ni Rameswaram, wenye hekalu la Ramanathaswamy ambalo Wahindu kutoka India nzima huenda kuhiji. Ndipo alipozaliwa mwaka 1931 A.P.J. Abdul Kalam, mtoto wa familia ya Kiislamu aliyekuja kuwa mwanasayansi na Rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007. Baba yake alikuwa na mashua ya kuvusha mahujaji kati ya Rameswaram na Dhanushkodi.

Kutoka Rameswaram, kisiwa kinazidi kuwa chembamba kama mkia. Baada ya kilomita 20 hivi unafika kwenye ncha yake, na hapo ndipo Dhanushkodi ilipo. Upande mmoja ni Ghuba ya Bengali, upande wa pili ni Ghuba ya Mannar. Katikati ni ukanda wa mchanga tu.

Jina lenyewe kwa Kitamil maana yake ni mwisho wa upinde. Linatokana na habari za Rama katika imani ya Wahindu. Inasimuliwa kwamba daraja la kuvukia kwenda Lanka lilijengwa kuanzia hapo, na Rama akapaonyesha kwa ncha ya upinde wake. Mbele ya Dhanushkodi kweli kuna mafungu ya mchanga na miamba yanayojipanga mstari mpaka Sri Lanka, umbali wa kilomita 30 hivi. Wahindu huyaita Ram Setu. Kwenye ramani nyingi yameandikwa Daraja la Adamu.

Kwa nini reli ilifika mpaka baharini?

Jibu ni biashara na safari za kwenda Sri Lanka, ambayo enzi hizo iliitwa Ceylon. Nchi zote mbili zilikuwa chini ya Waingereza, na watu wengi kutoka kusini mwa India walivuka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai. Bahari ya katikati ina kina kifupi na mafungu mengi, kwa hiyo meli kubwa hazipiti kirahisi. Waingereza wakaamua kuipeleka treni karibu kadiri ilivyowezekana, kisha abiria wamalizie kwa meli ndogo.

Kazi ngumu ilikuwa kuvuka kutoka bara hadi kisiwani. Likajengwa Daraja la Pamban, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 juu ya bahari. Lilifunguliwa tarehe 24 Februari 1914. Katikati yake kulikuwa na sehemu ya chuma iliyofunguka kwa kunyanyuka pande mbili, ili meli zipite.

Kuanzia hapo abiria alikata tiketi moja tu. Alipanda treni Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, akashuka Dhanushkodi, akatembea hatua chache hadi gatini, akapanda meli kwenda Talaimannar upande wa pili, na huko akakuta treni nyingine ya kumpeleka Colombo. Safari hiyo ilijulikana kama Boat Mail, kwa sababu ilibeba pia mifuko ya barua.

Pamoja na stesheni na gati kukawa na ofisi ya forodha, posta, hospitali ndogo, shule, kanisa, hekalu, maduka na nyumba za wafanyakazi wa reli. Wavuvi waliokuwapo tangu zamani wakapata soko la samaki wao. Reli yenyewe ilikuwa ya upana wa mita moja, sawa na ile reli yetu ya zamani ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma na Mwanza. Kwa hiyo ukiona picha za mabehewa ya enzi hizo, usishangae yakikukumbusha treni uliyoipanda ukiwa mdogo.

Usiku wa tarehe 22 Desemba

Desemba kule ni msimu wa pepo za kaskazini mashariki, kama kaskazi yetu. Katikati ya mwezi huo mwaka 1964 mgandamizo mdogo wa hewa ulijitokeza katika bahari ya Andaman, mashariki ya mbali. Ukaongezeka nguvu siku baada ya siku ukielekea magharibi, ukawa kimbunga. Tarehe 22 kilipita kaskazini mwa Sri Lanka, na usiku huo kikaifikia Dhanushkodi.

Upepo ulikadiriwa kufika kilomita 280 kwa saa. Lakini kilichoumaliza mji zaidi ni maji. Kimbunga kinapokaribia nchi kavu husukuma bahari mbele yake, na maji hupanda juu kuliko hata bamvua kubwa. Mawimbi ya usiku ule yanakadiriwa kuwa na kimo cha mita 6 hadi 7, sawa na nyumba ya ghorofa moja na paa lake. Ardhi ya Dhanushkodi ni mchanga tambarare, bila kilima cha kukimbilia. Maji yaliupita mji kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Wakati huo huo treni ilikuwa njiani. Ilikuwa treni ya abiria namba 653, iliyofanya safari fupi kati ya stesheni ya Pamban na Dhanushkodi. Iliondoka Pamban saa sita kasoro dakika tano usiku ikiwa na abiria 110 na wafanyakazi watano wa reli, kwa hesabu ya tiketi. Ilipobakiza mita mia chache kufika, wimbi liliikumba. Treni nzima ilichukuliwa na maji. Hakuna hata mmoja aliyenusurika.

Utasikia ikisimuliwa kwamba taa ya ishara ya stesheni ilikuwa haiwaki, dereva akasimama, akapiga honi mara kadhaa, kisha akaamua kusogea mbele gizani. Kwa kuwa wote waliokuwamo walifariki, jambo hili tulichukue kama masimulizi yanayojaribu kuelezea dakika za mwisho za watu wale. Pia wapo wanaosema waliokufa ndani ya treni walizidi 115, kwa sababu wengine walipanda bila tiketi.

Kwa jumla, waliopoteza maisha kutokana na kimbunga hicho wanakadiriwa kuwa 1,800.

Makao makuu hayakujua

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo sisi watu wa redio hatuwezi kulipita haraka. Nguzo za simu zilianguka, njia ya reli ilifunikwa, na daraja lilivunjika. Kisiwa kikawa kimekatika na bara. Treni iliyokuwa na zaidi ya watu mia moja ilipotea, na wakuu wa reli walikaa takribani siku mbili bila kujua kwa uhakika kilichoipata. Taarifa rasmi ilitolewa tarehe 25 Desemba.

Habari haikutoka, na zaidi ya hapo habari haikuingia. Watu waliolala Dhanushkodi usiku ule, na wale waliopanda treni Pamban, hawakuwa na njia ya kujua ukubwa wa kinachokuja. Laiti treni ile ingezuiwa Pamban kwa saa chache tu, watu wake wasingekuwa juu ya ule ukanda wa mchanga wakati bahari inapita.

Daraja lilirudi, stesheni haikurudi

Kati ya vipande 145 vya Daraja la Pamban, 126 viliangushwa na kimbunga. Ile sehemu ya katikati inayofunguka ilibaki imesimama. Shirika la reli lilipanga ukarabati uchukue miezi sita, kisha muda ukapunguzwa. Kazi alipewa mhandisi kijana, E. Sreedharan. Vyuma vilivyoanguka vilitafutwa chini ya bahari, vikanyanyuliwa na kurudishwa mahali pake, na daraja likakamilika ndani ya siku 46. Sreedharan baadaye ndiye aliyesimamia ujenzi wa reli ya mjini Delhi, na hadi leo Wahindi humtaja kwa heshima.

Treni zikarudi Rameswaram. Lakini kipande cha kwenda Dhanushkodi hakikujengwa tena. Serikali ya jimbo, lililoitwa Madras wakati huo, ilitangaza kwamba mji haufai kwa makazi. Meli za kwenda Talaimannar zikahamishiwa Rameswaram, nazo zikakoma mwanzoni mwa miaka ya 1980 vita vilipozuka Sri Lanka.

Wasikilizaji wetu wa kusini mwa Tanzania mnaielewa hali ya reli kufungwa isirudi. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yakang'olewa. Tofauti ni kwamba yetu ilimalizwa na hesabu za hasara, na ile ya Dhanushkodi ilimalizwa na maji kwa usiku mmoja.

Mgeni anakuta nini leo?

Kwa miaka mingi kufika pale kulihitaji magari ya kupita mchangani au kutembea kwa miguu. Mwaka 2017 ilifunguliwa barabara ya lami kutoka Rameswaram mpaka ncha ya mwisho, mahali panapoitwa Arichalmunai. Sasa watu hufika kwa basi, bajaji, pikipiki na magari ya kawaida. Barabara imenyooka, na sehemu nyingine unaona maji pande zote mbili.

Kabla ya kufika nchani ndipo yalipo magofu. Kanisa ndilo linaloonekana vizuri zaidi, kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama yale ya magofu yetu ya Kilwa Kisiwani. Stesheni imebakiza vipande vya kuta na nguzo, pamoja na mabaki ya jengo la tangi la maji lililotumika kujaza vichwa vya treni za mvuke. Ipo pia posta, na kuta za nyumba zilizozama nusu kwenye mchanga. Kila mwaka chumvi na upepo hula kidogo. Serikali iliweka pia jiwe la ukumbusho kwa ajili ya waliokufa.

Usidhani hakuna watu. Familia za wavuvi zinaishi pale katika vibanda vya makuti. Asubuhi utawakuta wakivuta nyavu ufukweni, na mchana wanawauzia wageni samaki wa kukaanga, chai, na shanga za makombe. Jambo linalowashangaza wengi ni maji yao: ukichimba shimo fupi mchangani, unapata maji yanayonyweka, ingawa bahari iko hatua chache tu. Wanaoishi visiwani kwetu hawatashangaa sana, kwani maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi chini ya mchanga, na ukichimba kupita kiasi unayakuta ya chumvi.

Kuanzia miezi ya baridi ya huko, ndege aina ya heroe hutua kwenye maji ya kina kifupi, na hiyo ni sababu nyingine ya watu kwenda.

Anayetaka kwenda afanye nini?

Kutoka Chennai kuna treni za usiku mpaka Rameswaram. Daraja la zamani lilisimamishwa kupitisha treni za abiria Desemba 2022 kwa sababu ya uchakavu, na daraja jipya pembeni yake likazinduliwa tarehe 6 Aprili 2025. Kwenye hilo jipya, kipande cha katikati hupandishwa juu kizima kizima, kama lifti, meli inapopita.

Kutoka Rameswaram mgeni huondoka asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama. Hairuhusiwi kulala Dhanushkodi, na jioni askari huwarudisha watu. Hakuna kivuli, kwa hiyo kofia na maji ya kunywa ni lazima. Kuogelea ni hatari, kwa kuwa mikondo ya bahari mbili hukutana pale. Kuparamia kuta ili kupiga picha ni hatari vilevile, maana zimechoka.

La mwisho ni adabu. Miili mingi haikupatikana. Wazee waliopoteza ndugu zao bado wapo Rameswaram na vijiji vya jirani. Ukienda, nenda kama unavyokwenda makaburini: angalia, uliza, piga picha, lakini usicheze juu ya magofu.

Je, reli itarudi?

Mwezi Machi 2019 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliweka jiwe la msingi la kujenga upya kilomita 17 hivi za reli kutoka Rameswaram hadi Dhanushkodi. Wanaounga mkono wanasema mahujaji na watalii ni wengi, na wavuvi watapata kipato. Wanaopinga wanasema ukanda ule wa mchanga ni dhaifu, kobe wa baharini hutaga mayai huko, na bahari iliyoichukua reli ya kwanza haijahama. Serikali ya jimbo la Tamil Nadu nayo imeonyesha kutoridhia kwa sababu za mazingira, na mradi umekwama.

Swali lao si geni kwetu. Kila panapotaka kujengwa barabara, hoteli au gati karibu na maji, tunapaswa kuuliza bahari ilifika wapi zamani, na tuwaulize wazee kabla ya kuuliza ramani.

Na sisi huku?

Wengi husema vimbunga ni vya Wahindi na Wamsumbiji, haviji kwetu. Ni kweli kwamba karibu na ikweta ni nadra. Lakini Dhanushkodi iko nyuzi 9 kaskazini mwa ikweta, na Kilwa iko nyuzi 9 kusini. Umbali ni karibu ule ule.

Tena vimeshakuja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikavunja majahazi na meli za Sultani na kung'oa mikarafuu. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, na bado mvua zake ziliikata barabara ya Lindi na Mtwara eneo la Somanga.

Tofauti kubwa kati yetu na abiria wa treni namba 653 ni kwamba leo taarifa inaweza kutufikia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa siku tano na kutumia maneno matatu ambayo kila mtu wa pwani ayajue: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Ukisikia tahadhari kubwa ya upepo na mawimbi, usiende baharini hata kama asubuhi imetulia. Pandisha vyombo juu. Wazee, watoto na wagonjwa wahame mapema, mchana, kwenda sehemu za juu mbali na maji. Chaji simu, na weka redio ya betri karibu kwa sababu minara ya simu inaweza kuanguka. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114, bila malipo.

Kuna dalili nyingine moja ya kukariri, ingawa si ya kimbunga. Desemba 2004, kabla ya tsunami kuipiga Dhanushkodi, bahari ilirudi nyuma karibu nusu kilomita, na sehemu za mji zilizozama zikaonekana kwa muda mfupi. Tsunami hiyo ilifika mpaka pwani yetu na kuua watu Dar es Salaam. Ukiona bahari imekauka ghafla wakati usio wa maji kupwa, usiende kuokota samaki wala kuangalia. Wachukue watoto, mkimbilie juu, na mpigie kelele kila mnayempita.